Kila Mwinuko na Majani Yake: Tunza Aina Nyingi za Malisho, Kuanzia Bonde la Rukwa Hadi Vilimani

Ndugu mfugaji, kila mwaka swali ni lile lile: ng'ombe watafikaje Novemba? Mwezi Machi kila mahali ni kijani na kila zizi lina maziwa. Ikifika Oktoba, kuna kundi ambalo bado linasimama vizuri, na kuna kundi la jirani ambalo ng'ombe wake wanainuliwa kwa mkia asubuhi. Mara nyingi makundi hayo yamenyeshewa mvua ile ile. Tofauti iko kwenye majani: aina ngapi zimebaki kwenye malisho, ziko mwinuko gani, na zililiwa wakati gani.

Kipeperushi hiki kinaeleza mimea ya malisho ya Katavi kwa kufuata mwinuko wa ardhi, kuanzia mbuga za chini hadi migongo ya vilima. Msome pamoja nyumbani: baba, mama, na watoto wanaochunga. Mtoto anayeshinda na ng'ombe porini anajua majani mengi kuliko anavyoulizwa. Naye mama anayekamua ndiye wa kwanza kuona malisho yanapoharibika, kwa sababu maziwa hupungua kabla ng'ombe hajakonda.

KWA NINI MIMEA HUBADILIKA UKIPANDA

Ukitoka Bonde la Rukwa, lililo kwenye mita kama 800 juu ya usawa wa bahari, ukapita Mpanda mjini kwenye mita kama 1,100, kisha ukapanda vilima vya Wilaya ya Tanganyika vinavyopita mita 1,500, mambo matatu yanabadilika.

1. Joto. Kwa kila mita 100 unazopanda, joto hupungua kwa karibu nusu digrii au zaidi kidogo. Ukipanda mita 1,000, hewa inapoa kwa karibu digrii 6.

2. Maji. Vilima hupata ukungu na mvua zaidi, lakini maji hayakai. Hushuka. Mto Katuma hukusanya maji ya miinuko iliyo magharibi mwa Mpanda, ukapita Sitalike, ukamwaga katika Ziwa Katavi. Kutoka Ziwa Chada maji huendelea kwa jina la Kavuu hadi Ziwa Rukwa. Ndiyo maana mbugani bado kuna unyevu wakati vilimani kumekauka.

3. Udongo. Maji yanaposhuka hubeba rutuba na chumvichumvi. Udongo wa juu hubaki na mchanga na kokoto, na wa chini huwa mweusi, mzito na wenye nguvu. Wasukuma wana majina ya mpangilio huu tangu zamani: luseni ni mchanga wa mwinuko, itogolo ni udongo mgumu wa chini ya mteremko, na mbuga ni udongo mweusi wa bondeni. Kila udongo huota majani yake.

KANDA TATU ZA MALISHO YETU

Mbuga na mabonde (mita 800 hadi 1,000)

Hapa ndipo penye tambarare zinazofurika maji. Katikati ya maji huota matete na mpunga pori. Pembeni, maji yanapopungua, huota nyasi laini za majimaji na ukoka unaotambaa. Karibu na Ziwa Rukwa, ambalo maji yake yana magadi, kuna nyasi fupi zinazovumilia chumvi, na mifugo huzipenda. Kwenye kingo kavu husimama migunga, mikwaju na mivumo. Maganda ya mbegu za migunga ni chakula kizuri cha mbuzi na kondoo kiangazi.

Miombo ya kati (mita 1,000 hadi 1,400)

Hili ndilo eneo kubwa kuliko yote Katavi. Juu kuna mitundu, mininga na mikora. Chini kuna nyasi ndefu, zile tunazoezekea nyumba, pamoja na nyasi ambazo vichwa vyake huwa vyekundu zinapokomaa. Katikati ya nyasi hizo hutambaa mimea midogo ya jamii ya kunde. Macho huipita bila kuiona, lakini ng'ombe huichagua mmoja mmoja. Ndani ya miombo kuna mabonde membamba yasiyo na miti, yenye unyevu, ambako majani mabichi hupatikana hata Agosti.

Vilima na migongo ya juu (kuanzia mita 1,400 hivi)

Hapa kuna mchanganyiko: miombo mifupi kwenye mawe, misitu minene kwenye makorongo yenye maji, na nyika za nyasi kwenye migongo. Kwenye udongo mwembamba nyasi ni nyembamba na ngumu. Kwenye mashimo yenye udongo mzuri kuna nyasi nzuri na maua mengi baada ya mvua. Jihadhari usifikiri kwamba kila kilima ni malisho. Sehemu kubwa ya misitu ya miinuko hii, kama Ntakata, ni hifadhi ya vijiji na chanzo cha maji ya mito yetu.

Ukipanda zaidi ya hapo mimea hubadilika tena. Uwanda wa Kitulo, Nyanda za Juu Kusini, uko kwenye mita kama 2,600. Huko hakuna miombo kabisa. Kuna nyasi fupi za baridi na maua ya kila rangi, na zimeorodheshwa aina zaidi ya 350 za mimea. Eneo hilo lilifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005 kwa sababu ya mimea yake, jambo ambalo si la kawaida katika hifadhi zetu.

MAJANI MATAMU NA MAJANI YANAYOKOMAA UPESI

Wengi hupima malisho kwa urefu wa majani. Urefu hauoneshi nguvu ya chakula.

Ndani ya tumbo kubwa la ng'ombe kuna wadudu wadogo mno wasioonekana kwa macho. Hao ndio wanaomeng'enya nyasi. Wadudu hao wanahitaji protini. Protini ya majani ikishuka chini ya asilimia 7 hivi, wanadhoofika. Tumbo linajaa nyasi zisizosagika, ng'ombe anakula kidogo zaidi, na anakonda akiwa amesimama kwenye nyasi za kumfika kiunoni.

Nyasi ndefu za miombo na vilima hukua kwa kasi mvua zinapoanza. Wiki za mwanzo ni chakula kizuri sana. Lakini udongo wa juu ni maskini, hivyo nyasi hizo zikishachanua hugeuka mabua. Kufikia Juni zimebaki za kuezekea. Nyasi za mbugani na za kingo za mabonde hukua kwenye udongo wenye nguvu, na hata zikikauka hubaki na chakula ndani yake. Hizo ndizo majani matamu.

Kwa hiyo:
- Malisho ya juu yaliwe mapema, yakiwa machanga.
- Malisho ya chini yatunzwe kwa ajili ya kiangazi.

Anayekalia mbuga mwaka mzima anakula akiba yake Februari. Anayepeleka ng'ombe vilimani Septemba anawapeleka kwenye mabua.

KWA NINI AINA NYINGI NI BORA KULIKO AINA MOJA NYINGI

- Hazikauki siku moja. Aina moja inamaliza Mei, nyingine Julai, na nyingine inachipua kwa umande tu. Malisho yenye aina tatu huisha kwa mpigo.
- Jamii ya kunde huongeza protini kwa mnyama, na mizizi yake hurutubisha udongo kwa ajili ya nyasi jirani.
- Vichaka na miti ni chakula cha mbuzi wakati nyasi zimeisha. Mizizi yake iko chini, hufikia maji ambayo nyasi haziyafikii. Miombo mingi huchipua majani mekundu Septemba na Oktoba, hata kabla ya mvua.
- Mizizi ya urefu tofauti hushika udongo. Mteremko wenye aina moja ya majani dhaifu huchimbwa makorongo na mvua ya kwanza.
- Wanyama hawali kwa namna moja. Ng'ombe hukata nyasi ndefu kwa ulimi, kondoo hufuata nyasi fupi, na mbuzi huchagua majani ya vichaka.

Jambo hili la mwisho lilichunguzwa hapa hapa kwetu. Mtafiti Desmond Vesey-FitzGerald alichunguza nyanda za nyasi za Bonde la Rukwa, na mwaka 1960 alichapisha maelezo ya jinsi wanyamapori wanavyofuatana malishoni. Wakubwa, kama tembo na nyati, huingia kwanza kwenye nyasi ndefu, wakazila na kuzikanyaga. Kisha wadogo hufuata na kula machipukizi mafupi. Mfugaji anaweza kufanya hivyo hivyo: ng'ombe watangulie, kondoo wafuate, kisha eneo lipumzike.

DALILI KWAMBA AINA NZURI ZINAPOTEA

Malisho hayaharibiki kwa siku moja. Kwanza hutoweka majani ambayo ng'ombe anayapenda zaidi, kwa sababu hayo ndiyo yanayong'atwa kila siku bila nafasi ya kuchanua na kutoa mbegu. Nafasi yake huchukuliwa na haya:

- Nyasi za mafungu, ngumu kama kamba, ambazo ukizivuta kwa mkono hazikatiki.
- Nyasi zenye mbegu kama sindano au mikuki. Mbegu hizo huingia kwenye ngozi, mdomo na macho ya kondoo na mbuzi.
- Kishona nguo, mbigiri na ndago.
- Lantana, kichaka chenye maua ya rangi mchanganyiko. Mnyama mwenye njaa akila majani yake huumia ini, na ngozi hubabuka kwa jua.
- Mnanaha, wenye maua marefu kama tarumbeta na matunda ya miiba. Ni sumu.
- Udongo mtupu kati ya majani.

Angalizo: si kila jamii ya kunde ni salama. Baadhi ya aina za marejea hudhuru ini. Pia mtama mchanga unaochipua shambani baada ya mavuno unaweza kuua ng'ombe kwa muda mfupi. Usiingize kundi lenye njaa humo.

Pima mwenyewe kwa hatua 100

1. Chagua eneo mnalolitumia. Tembea hatua 100 kwa mstari ulionyooka.
2. Kila baada ya hatua 10, simama. Tazama mmea unaogusa ncha ya mguu wako wa kulia.
3. Uweke kwenye moja ya makundi manne: nyasi nzuri, nyasi mbovu, jamii ya kunde au majani mengine yanayoliwa, na udongo mtupu au magugu.
4. Mtoto ahesabu kwa vijiti. Andikeni au kumbukeni majibu.
5. Rudieni mahali pale pale mwakani, mwezi ule ule, mvua zinapoisha.

Ikiwa kati ya vituo 10 vitano au zaidi ni udongo mtupu, magugu au nyasi mbovu, eneo hilo linahitaji kupumzishwa.

Tazama pia kinyesi. Kinyesi laini kinachotandazika kinaonesha kwamba chakula kina protini ya kutosha. Kinyesi kigumu kinachosimama kwa tabaka kama matofali kinaonesha kwamba ng'ombe anakula mabua. Dalili hiyo huja wiki kadhaa kabla mbavu hazijaonekana. Ukiiona, hamisha kundi au ongeza chakula mapema.

RATIBA YA MWAKA

Novemba na Desemba: Mvua zinaanza. Usikimbilie machipukizi ya kwanza. Yape wiki mbili hadi nne yapate mizizi, la sivyo unaua mwaka mzima wa malisho. Mabadiliko ya ghafla pia huharisha na kujaza gesi.

Januari hadi Aprili: Tumia miombo na vilima vinavyoruhusiwa na kijiji, nyasi zikiwa changa. Mbuga zimefurika, kwa hiyo ziacheni zijijenge. Ngitili ifungwe tangu mwanzo wa mvua.

Mei na Juni: Nyasi za juu zinakomaa. Anza kushuka. Kata na kausha majani yanayochanua kwa ajili ya ndama na ng'ombe wanaokamuliwa. Yakatwe yanapoanza kuchanua. Ukisubiri yakauke, unahifadhi mabua.

Julai na Agosti: Mabua ya mahindi, majani ya karanga na mabaki ya mpunga, kwa makubaliano na wakulima. Kingo za mbuga zinaanza kufunguka.

Septemba na Oktoba: Fungua ngitili kwa sehemu, si yote kwa siku moja. Mbuzi wapate vichaka na maganda ya migunga. Kila unapolisha, ondoka kabla nyasi hazijafika chini ya upana wa kiganja.

Kuuza ng'ombe wachache Juni wakiwa na nyama ni bora kuliko kuwauza Oktoba wakiwa mifupa. Hao wachache wanawaachia waliobaki majani.

MOTO

Moto wa mapema, Mei hadi Juni, hupita taratibu kwa sababu bado kuna unyevu. Moto wa Septemba na Oktoba ni mkali. Huua miche ya miti na mbegu, na kuacha udongo wazi kungoja mvua. Ni kweli kwamba baada ya moto huchipua majani mabichi, lakini ukichoma kila mwaka mahali pale pale unabakiza nyasi zinazovumilia moto tu, na hizo ndizo zenye mabua mengi. Usichome bila kibali cha serikali ya kijiji na bila njia ya kuzuia moto. Ngitili na vilima vya vyanzo vya maji visichomwe.

MAGONJWA HUFUATA MWINUKO

Ukihamisha ng'ombe kutoka ukanda mmoja kwenda mwingine unawakutanisha pia na magonjwa ya huko.

- Mbugani: minyoo bapa wa ini, wanaotokana na konokono wa majimaji. Dalili ni kukonda, macho meupe na uvimbe chini ya taya. Epuka kulisha ndani ya kingo zenye maji. Si kila dawa ya minyoo inaua minyoo bapa. Uliza kabla ya kununua.
- Kwenye miombo: mbung'o, wanaoeneza nagana. Dalili ni homa ya vipindi, tezi kuvimba, kukonda na kutupa mimba. Mbung'o hueneza pia malale kwa binadamu. Mchungaji akipata homa isiyoisha na kichwa kuuma, apelekwe kituo cha afya na aeleze kwamba anachunga porini.
- Kwenye nyasi ndefu popote: kupe, wanaoleta ndigana kali na ndigana baridi. Ogesha kwa ratiba, na usipunguze dawa kwa kuongeza maji.

Mwone mtaalamu wa mifugo wiki mbili kabla ya kuhama, ili kinga itolewe wakati ng'ombe bado wana nguvu.

MIPAKA NA MAKUBALIANO

Tunajua kwamba ushauri wa kupanda na kushuka ni rahisi kuuandika, na ardhi imebana. Mbuga nyingi za Mpimbwe sasa ni mashamba ya mpunga. Upande mwingine kuna Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyoanzishwa mwaka 1974, ambako kulisha hakuruhusiwi. Ng'ombe akiingia huko, hasara ya faini ni kubwa kuliko majani aliyokula.

Njia iliyopo ni mezani kijijini. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007, na Sheria ya Maeneo ya Malisho na Rasilimali za Vyakula vya Mifugo ya mwaka 2010, zinatoa nafasi kwa kijiji kutenga malisho rasmi. Mkutano mkuu wa kijiji unapopanga ardhi, mfugaji asikose. Na akiwa pale asiombe "eneo la malisho" tu. Aombe sehemu ya juu kwa ajili ya masika, sehemu ya chini kwa ajili ya kiangazi, na njia ya kupita kati yake. Kijiji kikitenga ekari nyingi za kilima kitupu, kwenye karatasi malisho yapo, lakini Oktoba hayapo.

Inawezekana. Shinyanga, ardhi iliyokuwa imebaki vumbi, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulioanza mwaka 1986 ulirudisha desturi ya ngitili. Zaidi ya hekta 300,000 zilifunikwa tena na nyasi na miti. Katika ngitili nyingi majani na miti ilirudi bila kupandwa, kwa sababu mbegu na mizizi bado vilikuwemo ardhini vikingoja kupumzishwa. Wengi wetu Katavi tumetoka huko au wazazi wetu walitoka huko. Ujuzi huo tulihama nao. Tuutumie kabla ardhi hii haijafika pale ambapo ile ilifika.

MAMBO SITA YA KUKUMBUKA

1. Juu mapema, chini baadaye.
2. Hesabu aina za majani, usipime urefu peke yake.
3. Tazama maziwa na kinyesi kabla ya kutazama mbavu.
4. Funga ngitili mwanzo wa mvua, fungua kwa sehemu kiangazi.
5. Usichome ovyo, na usichome mwisho wa kiangazi.
6. Kinga kwanza, kuhama baadaye.

Ukiona mmea usioufahamu unaoenea haraka, au mnyama akiugua baada ya kula majani fulani, chukua tawi lenye majani na maua, lifunge kwenye gazeti, ulipeleke kwa afisa mifugo wa kata yako. Usimpe mnyama huyo dawa yoyote kwa kubahatisha. Jina la mmea ndilo mwanzo wa tiba.